Mbuzi wa Krismasi kwenye Sufuria ya Idi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo moyo unanienda mbio kama wa msichana. Jana uliponipigia simu kuniambia umepanga nyumba na binti wa Kiislamu hapo Moshi mjini, na kwamba unataka kumfanyia jambo kubwa siku ya Idi asilijue mpaka siku yenyewe, nilicheka mpaka baba yako akauliza kama niko mzima. Niko mzima sana. Nimecheka kwa sababu kosa unalotaka kulifanya mimi nilishalifanya, tena nililifanya kwa mbwembwe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa karibu na soko la Moshi. Nilikuwa nimeteremka kutoka kwetu Mkuu, Rombo, na begi moja na mdomo mwingi. Cherehani iliyopakana na yangu ilikuwa ya Zuhura, Mpare wa Usangi, msichana mtaratibu ambaye mshono wake ulinyooka kuliko wangu, ingawa wakati ule ningekufa kabla ya kukiri. Tulipanga pamoja vyumba viwili na sebule kule Shirimatunda, ndani ya ua mmoja na mwenye nyumba wetu, Bibi Eliaika, mjane wa Kilutheri aliyetoka Machame. Unajua Wachagga na Wapare ni watani, basi kutaniana ndiko kulikuwa chai yetu ya asubuhi. Yeye aliniambia siku nikifa atadondosha sarafu karibu na sikio langu kwanza, ahakikishe nimekufa kweli, maana Mchagga akisikia pesa huamka. Mimi nilimwambia Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku.

Sasa mwaka ule, mwanangu, Ramadhani iliangukia Desemba, na Idi ikawa inatazamiwa siku mbili tu baada ya Krismasi. Wewe hujui maana yake kwa mafundi! Wakristo wanataka magauni, Waislamu wanataka magauni, na wote wanayataka jana. Tulishona mpaka vidole vikafa ganzi. Tulishona tukiimba. Mchana nilikuwa nakula chakula changu nyuma ya majora ya vitambaa nisimtamanishe mwenzangu, naye akishaniona narudi huku nimevimba mashavu ananiambia, "Adela, tafuna tu, mimi nimefunga, sijafa." Nilikuwa na furaha iliyoninyima hata usingizi. Nilikulia kijiji ambacho kila mtu ni Mkatoliki hadi mbwa, na sasa nilikuwa na sikukuu mbili ndani ya juma moja, chini ya paa moja.

Lakini palikuwa na jambo. Mama yake Zuhura alikuwa haridhiki. Alikuwa amesikia huko Usangi kwamba binti yake analala nyumba moja na Mchagga wa Rombo, na Rombo kwa masikio yake ilikuwa ni pombe ya mbege asubuhi na jioni. Akatuma neno kwamba atakuja kula Idi na sisi, aone mwenyewe. Zuhura aliniambia huku anashona kifungo, bila kuniangalia. "Akiona hapafai, ninarudi naye Usangi. Na cherehani yangu ndiyo basi."

Nikamwambia asihofu. Nikamwambia niachie mimi. Ole wangu na maneno hayo!

Siku ya mkesha wa Krismasi, nikiwa nafunga begi langu kwenda nyumbani, Zuhura aliniletea gauni. La rangi ya bluu, lina mikunjo midogo midogo kifuani, kazi ya siku nyingi ambazo sijui alizipata wapi. Tena lilinikaa sawasawa, maana wiki ile alikuwa amenipima kwa kisingizio kwamba kuna mteja wa umbo langu. Nililia, mwanangu, sikuona haya. Njia nzima kutoka Himo kupanda Rombo nilikuwa na wazo moja tu, nitamlipa nini mtu huyu.

Jibu nilikutana nalo kihambani kwetu, kwenye shamba la nyumbani, limefungwa kwenye mgomba. Baada ya misa ya Krismasi, baba mkubwa Gaspari alimchinja mbuzi kama alivyofanya kila mwaka, damu ikakingwa kwenye bakuli kwa ajili ya kisusio, ile supu ya damu ambayo wanaume wetu hawawezi kuiona Krismasi bila hiyo. Kwetu swali la nani amechinja halikuwahi kuulizwa. Swali lililogombanisha watu lilikuwa nani anapewa kidari. Nikaomba paja zima la nyuma. Nikasema ni zawadi ya dada yangu wa mjini. Baba mkubwa alilibanika kidogo lisiharibike njiani, akalifunga kwenye majani ya mgomba, na kesho yake nikateremka nalo nimelipakata kama mtoto mchanga.

Jioni ile mwezi ukaandama. Nilimkuta mama yake Zuhura ameshafika, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya kuhesabu vitu. Nilimwamkia, akaitikia, basi. Nililificha paja langu kwa Bibi Eliaika, kwenye friji lake, nikamwambia ni mzigo wa kutoka nyumbani. Nilitaka kuwashangaza.

Asubuhi ya Idi walipotoka kwenda kuswali, nilivamia jikoni. Zuhura alikuwa ameshapika tambi za sukari tangu alfajiri, zinanukia iliki. Mimi nikachukua sufuria kubwa, ile aliyoinunua yeye, nikaanza kupika mtori. Nilimenya ndizi, nikachemsha nyama, nikaponda, nikaongeza maziwa. Nilikuwa nacheza huku napika. Nilishaona picha yote kichwani, yule mama anaonja, anatabasamu, anasema kumbe Warombo ni watu. Haraka haraka haina baraka, lakini mwenye haraka hana nafasi ya kukumbuka methali.

Bibi Eliaika akaja na kigoda chake, kama kawaida yake akisikia harufu nzuri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbuzi huyu kachinjwa na nani?"

"Na baba mkubwa Gaspari," nikasema, bado nacheza.

Akaketi taratibu. "Gaspari," akasema. "Na damu mkakinga."

Mwiko ulinisimama mkononi. Mwaka mzima nilikuwa nimeishi na Zuhura, tukinunua nyama buchani ambako kila mtu wa mjini anajua mchinjaji ni Mwislamu ili wote wale, wala sikuwahi kufikiri kwa nini. Na unajua wazo langu la kwanza lilikuwa lipi? Nitakuambia, ingawa linaniaibisha hadi leo. Nilifikiri, nyama haina alama. Hakuna atakayejua.

Bibi aliniona. Wazee wanaona. Akasema, "Wewe ni fundi, Adela. Unakata kitambaa cha mtu hujampima? Yule mtoto alikupima wewe ndipo akakushonea. Wewe umempikia Zuhura, au umejipikia mwenyewe ukamwandikia jina lake?"

Nikapunguza moto.

"Mimi sitawaambia," akaendelea. "Si mkono wangu uliopika. Lakini sitaketi kwenye mkeka huo nikitazama wanakula." Akabeba kigoda chake akaondoka.

Walirudi wakicheka, wamependeza, wananukia udi. Zuhura aliona sufuria akanikumbatia. "Umepika mtori," akasema, na macho yake yakamwendea mama yake kwa fahari. Hakuniuliza lolote. Hilo ndilo lililonichoma, mwanangu. Hakuniuliza kwa sababu aliniamini. Wakaketi. Mama yake akanawa mikono, akavuta bakuli.

Nikasema, "Mama, naomba usile."

Nikaeleza yote, mbuzi, baba mkubwa, damu, paja kwenye majani ya mgomba. Nikasema pia kwamba sufuria ni ya Zuhura na nimeitia nyama hiyo bila yeye kujua, na kwamba kosa ni langu peke yangu, yeye asirudishwe kwao kwa ujinga wangu.

Zuhura aliinuka. "Ungeniuliza tu, Adela," akasema. "Neno moja." Akatoka nje. Nilitamani anitukane.

Mama yake akalisukuma bakuli pembeni. Kisha akauliza, "Ndizi mbichi zimebaki?"

"Zimebaki, mama. Nusu mkungu."

"Na maharage?"

"Yapo."

"Basi ndizi hazichinjwi na mtu. Inuka."

Akakunja mikono ya gauni lake la sikukuu. Tuliupeleka mtori wote kwa Bibi Eliaika, ambako wajukuu wake waliumaliza kwa furaha isiyo na swali hata moja. Akanipa majivu, nikasugua sufuria, akaikagua, akanirudishia, nikasugua tena, na ya tatu akaitikia kwa kichwa. Tulimenya ndizi bega kwa bega. Kidogo kidogo akaanza kunisimulia jinsi alivyojifunza kushona kwa mkono akiwa msichana. Zuhura aliporudi alitukuta tunacheka, mimi na mama yake, macho yangu bado mekundu, akasimama mlangoni asijue ashike lipi. Kisha akaketi akachukua kisu, akamenya na sisi. Tulikula ndizi na maharage, tukala tambi mpaka tukashindwa kuinuka. Sijawahi kula Idi tamu kama ile.

Jioni nilimsindikiza mama yake kwenye basi la Mwanga, la kurudi kwao Usangi. Zuhura alikuwa pamoja nasi, hana begi, lakini hakuna aliyekuwa amesema kama anabaki. Mama akapanda ngazi ya basi, akageuka. "Nilikuja kumchukua," akaniambia. "Lakini mtu anayeniambia kilichomo sufuriani kabla sijala, huyo ninamwachia mtoto wangu."

Krismasi iliyofuata Zuhura alipanda nami Rombo. Baba mkubwa Gaspari mwenyewe alikwenda sokoni kumtafuta Mwislamu wa kuchinja. Alilalamika mwezi mzima kwamba amekosa kisusio chake, lakini alikwenda.

Basi, mwanangu, nisikie. Furaha yako ni nzuri, usiipunguze hata chembe. Pamba nyumba, shona, pika, imba na mwenzako nyimbo za sikukuu zenu zote. Ila kabla hujamfanyia mtu jambo la dini yake, muulize. Kuuliza si ujinga. Mshangao una raha yake, lakini mwenye raha ni yule anayeshangaza, na sikukuu ile si yako. Muulize anakula nini na hali nini, saa ngapi anaswali, lipi linamfurahisha na lipi linamkwaza, naye mwambie yako bila kusubiri akukosee. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema mapema na useme yote. Usijifiche nyuma ya nia njema. Nia yangu ilikuwa njema kuliko maziwa, na bado nilikuwa karibu kumlisha rafiki yangu mwiko wake.

Mungu wetu, anayeitwa kwa majina mengi katika nyumba moja, awalinde ninyi wawili. Awape vicheko vingi kuliko vyombo vya kuosha. Akujalie rafiki atakayekula kutoka mkononi mwako bila kuuliza, na akujalie wewe uwe mtu ambaye hakuna haja ya kumwuliza.