Kusubiri Picha ya Milima

Zamani pilipili manga zetu zilinunuliwa na ushirika, upende usipende. Kisha soko likawa huria, tukaambiwa sasa tuko huru. Uhuru wenyewe ulikuwa hivi: mnunuzi wa Morogoro mjini anatangaza oda kwenye tovuti yake, na kikundi kinachowahi kubonyeza "Nakubali" ndicho kinachouza. Kikundi chetu cha Matombo kilinikabidhi simu mimi, kwa kuwa nilikuwa mjane na, kwa jinsi walivyoona wao, sikuwa na kazi nyingine.

Mtandao ulishika makaburini tu, juu ya kilima. Nilikaa kando ya kaburi la mume wangu, nikabonyeza, nikasubiri. Kila ukurasa ulipomaliza kufunguka, oda ilishachukuliwa na watu wa mjini. Magunia yetu yakaanza kuota ukungu.

Nikampigia fundi wa tovuti kulalamika kwamba inachelewa kufunguka.

"Shikamoo mama. Mbona hapa ofisini inafunguka kabla sijapepesa macho?"

"Marahaba. Basi tutahamia ofisini kwako, baba, na magunia yetu."

Akacheka. Lakini akaweka kwenye tovuti kitu cha kupima kila mgeni anasubiri kiasi gani kwenye simu yake mwenyewe. Baada ya muda akanipigia, ana furaha. Simu ya kikundi cha Matombo inakaa kwenye ukurasa muda mrefu kuliko zote. Bosi wake amefurahi mno, anasema huyo mgeni anaipenda tovuti.

"Ni mimi, baba. Sijaipenda. Bado haijafunguka."

Kisha akauliza, "Ukiwa unasubiri, mama, unaona nini?"

"Kilele cha mlima. Kinateremka polepole. Kitufe kinakuja mwisho."

Ilikuwa picha ya milima ya Uluguru, kubwa, nzuri, bosi kaichagua mwenyewe. Kumbe nilikuwa nimekaa Uluguru, nimeupa mlima mgongo, nasubiri niletewe picha yake kutoka mjini.

Fundi akaiondoa. Bosi, nasikia, alinuna. Oda iliyofuata, ukurasa ulifunguka papo hapo. Nikabonyeza, tukapata. Niliwapungia mkono wenzangu waliokuwa chini, wakapiga vigelegele.

Mimi nikabaki nimekaa. Siku zote nilikuwa nikiaga kwamba naenda kusubiri mtandao.

"Shuka basi, mama!" wakaita. "Unasubiri nini tena?"

Sikuwa na cha kusingizia.

"Nakaa kidogo na mzee," nikawajibu.