Mama Mkwe Aliniita, Nikaenda kwa Mwingine

Mimi ndiye niliyemwacha mama mkwe wangu atokwe na damu mpaka akafa, halafu nikakubali kusifiwa kwa hilo. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Nafanya kazi ya huduma ya kwanza katika kiwanda kimoja cha sukari upande wa Muhoroni. Mtu akijikata panga shambani, au trekta likipinduka, mimi na dereva wa Landrova ya kiwanda ndio tunaofika kwanza. Kwa miaka mingi nilichojua ni bandeji, dawa ya jeraha na kumlaza mtu vizuri. Kisha wakubwa wakanipeleka Kisumu kwa mafunzo ya juu.

Huko tulifundishwa kazi ya njiani, yaani ile inayofanywa kati ya mahali pa ajali na mlango wa hospitali. Namna ya kumpulizia pumzi mtu aliyeacha kupumua. Namna ya kumwinua aliyeumia shingo bila kumsokota. Namna ya kuchagua nani aangaliwe kwanza, watu wakiwa wengi.

"Anayepiga kelele ana pumzi," mwalimu alituambia. "Wewe nenda kwa aliyenyamaza."

Siku ya somo la damu alitufundisha kwamba mshipa mkubwa wa paja ukikatika, kitambaa juu ya jeraha hakitoshi. Unaweka ngumi kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo, unaegemea kwa uzito wako wote, na huondoi ngumi mpaka daktari akuondoe. Darasani tulikuwa wanaume watupu. Tulijaribishana sisi kwa sisi huku tunacheka.

"Na kama ni mwanamke?" mwalimu akauliza.

"Tunaita mwanamke mwenzake," akajibu mmoja wetu wa kutoka Homa Bay.

"Na kama hayuko?"

"Basi, mwalimu, tunafunga macho."

Darasa zima liliangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Mwalimu akaendelea na somo la mifupa.

Nilirudi na cheti. Watu wa kambi ya kiwanda wakaanza kuniita daktari, nami sikuwakataza.

Ajali yenyewe ilitokea asubuhi, siku ya soko. Pikapu iliyobeba akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, iligongana na trela la miwa kwenye kona, ikalala ubavu. Tulipofika, miwa ilikuwa imefunika barabara, na tayari kulikuwa na watu wanaoichomoa na kukimbia nayo. Omena zilikuwa zimemwagika kila mahali. Utingo wa pikapu alikuwa ameketi barabarani, ameushika mkono wake uliovunjika, akipiga mayowe. Kando yake alilala mama mmoja, kimya, gauni limemganda pajani kwa damu.

Barasa, dereva wangu, alimfikia kabla yangu.

"Bwana, kuja haraka. Huyu mama anamaliza damu."

Nikasogea, nikamwona uso. Alikuwa mama wa mke wangu.

Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Ninyi wengine nitawaeleza kwa ufupi. Kwetu Wajaluo mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kula mbele yake, wala kulala chini ya paa lake. Tukikutana njiani, mmoja wetu alipisha. Kuliona paja lake tu ni jambo la kuitiwa wazee. Kumwekea ngumi kinenani mbele ya soko zima ni jambo ambalo sikujua hata litasemwaje. Nilifikiria chira, ile laana inayomkausha mtu na watoto wake akivunja miiko. Nilimfikiria Atieno, mtoto wetu wa kwanza. Na niseme ukweli, niliwafikiria pia wale watu waliosimama na miwa mikononi, wananitazama.

"Weka kitambaa," nikamwambia Barasa. "Bonyeza."

"Wapi?"

"Hapo hapo penye jeraha."

Barasa akapiga magoti, akabonyeza. Hakuwahi kufundishwa chochote isipokuwa kuendesha gari.

"Hii damu inakataa kusimama, bwana. Inapita kwa vidole. Wewe ndiye umesomea hii maneno. Kuja."

"Endelea tu."

Hapo mama akafumbua macho. Akanitafuta mpaka akaniona.

"Baba Atieno," akaniita kwa Kijaluo, sauti ndogo lakini wazi. "Njoo. Usiogope."

Nilisikia. Nimejaribu sana kujidanganya kwamba mayowe ya yule utingo yalinizuia kusikia. Si kweli. Nilisikia kila neno. Heshima ile ilikuwa yake, na yeye mwenyewe aliniondolea. Mimi nikashindwa kuipokea ruhusa.

Nikaenda kwa utingo.

Nilimfunga mkono kwa vibao viwili, taratibu, kila mzunguko wa bandeji ukikaa juu ya mwenzake. Baadaye nesi wa hospitali aliuliza ni nani aliyefunga kazi safi namna ile. Nilifanya kazi safi kwa sababu sikutaka iishe. Ikiisha ningelazimika kugeuka.

Kulikuwa na wanawake pale. Wengi walikuwa wameumia au wanalia, lakini wapo waliokuwa wazima. Ningeweza kumwita mmoja nimwonyeshe mahali pa kuweka ngumi. Hata hilo sikulifanya, maana ingebidi nilitamke neno lenyewe, kinena, mbele ya mama mkwe.

Tukawapakia. Kanuni inasema aliyefunzwa hukaa nyuma na mgonjwa. Mimi nilipanda mbele, kando ya Barasa. Nyuma nilimwacha muuza omena mwenzake, ampakate kichwa. Barasa alilikimbiza gari kuelekea hospitali ya Kisumu, mpaka Ahero na kupita, akiwapigia honi ng'ombe na baiskeli. Tulipokaribia Nyamasaria yule muuza omena akagonga kioo nyuma ya kisogo changu.

"Enda pole pole sasa," akasema. "Hakuna haraka tena."

Mke wangu aliponiuliza, nilimjibu kwamba nilifanya yote niliyofundishwa. Akaniamini. Aliniamini kiasi cha kunipa pole mimi.

Siku ya mazishi mjomba wake alisimama mbele ya waombolezaji. Wauza omena walikuwa wamemweleza walichokiona, kila mtu kwa macho yake.

"Nataka watu wajue," akasema. "Hata siku ya damu, huyu mkwe wetu hakumvunjia dada yangu heshima. Alisimama mbali. Vijana wa siku hizi wangefanya hivyo? Huyu alilelewa."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akanishika bega. Nami nikasimama, nikavua kofia, nikawashukuru.

Kama uovu wangu ungeishia hapo ningeweza labda kuuita woga. Lakini kuna Barasa.

Alinifuata siku moja gereji, nikiwa napanga vifaa ndani ya gari.

"Bwana, niambie tu. Mimi nilibonyeza vibaya?"

"Ilikuwa siku yake, Barasa."

"Siku yake, sawa. Lakini mikono ilikuwa yangu."

"Acha kujisumbua."

"Naota hiyo damu, bwana. Nikishika usukani naiona."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi: ulibonyeza pale nilipokuambia, na nilikuambia pabaya nikijua. Nililiacha mdomoni. Mwisho wa mwezi alirudisha funguo za Landrova, akarudi kwao Bungoma. Nimesikia kwamba hataki tena kuendesha gari la mtu yeyote. Anachunga ng'ombe wa kaka yake.

Mke wangu nilimweleza majuzi. Alikuwa anapeta mahindi uani. Nilimweleza kila kitu, naye hakuacha kupeta mpaka nilipofika mahali pa kuitwa.

"Alikuita?"

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Njoo. Usiogope."

Akaweka ungo chini. "Mama alitokwa na damu, na bado akapata nguvu ya kukutuliza wewe," akasema. "Na uliniacha nikupe pole."

Hakulia mbele yangu, wala hakurudi kwao. Ananipikia, ananisalimu kwa adabu, na tukikutana mlangoni anapisha nipite. Ni adabu ambayo mke hamfanyii mume. Atieno ameanza kuuliza kwa nini mama yake haongei wakati wa chakula.

Jumamosi nitapanda gari kwenda Bungoma. Sijui kama Barasa atanikaribisha, na akinifukuza ni haki yake. Lakini nitalisema lile jibu nikiwa nimesimama mbele yake, hata kama itakuwa katikati ya ng'ombe.

Ninyi mnaopelekwa kusomea kazi hii, msikubali kufundishwa kwa wanaume watupu mkicheka. Mwombeni mwalimu awaulize tena swali la mwanamke, na safari hii mlijibu. Nanyi mnaokaa na wazee, waulizeni mapema, kabla ya damu kumwagika, kama mkono wa mkwe unaruhusiwa. Nimewauliza wangu sasa. Wawili kati yao waliniambia bila kusita kwamba mtu anayekufa hana ukwe. Ningalijua hayo kwa kuuliza tu.

Na ukifika barabarani ukamkuta ni mama mkwe wako, mguse. Kama ni aibu, muione pamoja. Kama ni chira, mkaitafutie dawa pamoja, wewe na yeye, mkiwa hai wote wawili.