Jina la Mavyaa Halikutoka Mdomoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kwenye kliniki ya watoto hapa Houston. Nesi alifungua mlango akaita, "Mwanakombo!" Watu wote wakainua vichwa isipokuwa mwenye jina. Binti yangu, wa miaka mitatu na kitu, alikuwa chini akipanga viatu vyangu pamoja na vya mama mwingine tusiyemjua. Nesi akaita tena, na kwa jinsi alivyolivunjavunja lile jina, nilijiambia hata bibi yake wa Mombasa, mwenye jina hilo, asingeitika. Basi nikamshika mtoto mkono tukaingia.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulinipigia kutoka Plano umechanganyikiwa. Mtoto wa kike yuaja, mamako ana jina lake, mavyaako ana lake, mumeo kakuletea mengine aliyoyatoa kwenye simu, na hospitali wataka jina la kwanza na jina la kati kabla hujatoka. Ukaniuliza, "Shangazi, wewe ulifanyaje?" Nikacheka. Sikufanya, mwanangu. Nilifanyiwa, nami nikatia saini.

Kwetu mambo yalikuwa mepesi. Mtoto hupewa jina siku ya saba, la pili ni la babake, la tatu la babu, basi. Hilo jina la kati sikulijua ni mnyama gani. Nilipojifungua, nesi akaniuliza, nami nikamtajia jina la mume wangu, Athmani. Akataka kujua kama nina hakika mtoto wa kike aitwe Athmani. Nikamtazama Athmani, naye akanitazama mimi. Kuuliza si ujinga, lakini sharti ujue wauliza nini, na sisi hata hilo hatukulijua.

Athmani ndiye aliyekata shauri. Jina la kwanza liwe la mamake, Mwanakombo. La kati liwe la mamangu, Rukia. Huku wameridhika, kule wameridhika, hakuna wa kununa. Nilimwona ana akili kupita kiasi.

Tulipofika nyumbani Missouri City, hapa jirani na Houston, ndipo tukaona tulichokifanya. Wewe umelelewa huku, huenda hujui: kwetu mke hamtaji mavyaa kwa jina. Mavyaa ni mama wa mumeo, na jina lake halipiti mdomoni mwako hata kama ulilijua kabla hujaolewa. Mamako mzazi naye humwiti Rukia kama shoga yako. Na Athmani atamkaripiaje mtoto, "We Mwanakombo, acha kumwaga maziwa," ilhali ni kama amgombeza mamake? Tulimpa mtoto majina mawili, na hakuna hata moja tuliloweza kulitumia. Leo nacheka, wakati ule sikucheka.

Basi Athmani akawa amwita Mama. Mimi nikamwita Bibi. Jirani yetu Mrundi, Mama Klodi, aliyekuwa akimwangalia nikiwa kazini kwenye nyumba ya wazee, akamwita Kadogo. Athmani akiita Mama, twaitika wawili. Nikisema Bibi amepiga simu kutoka Mombasa, mtoto adhani namsema yeye. Nyumba ilikuwa vurugu tupu, ila vurugu yenye adabu.

Sasa turudi kliniki. Daktari alichuchumaa mbele ya mtoto akamwuliza jina lake. Akajibu, "Mama." Daktari akatabasamu, akamwambia si la mamako, lako wewe. Akasema, "Bibi." Alipoulizwa tena, aliniangalia usoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kadogo?" Tabasamu la daktari likaisha. Nikajaribu kueleza, na Kiingereza changu cha siku zile kikanitupa. Wamwelezaje mtu kwamba jina la mtoto lipo, ila ni zito kulitaja?

Wakampima masikio. Alivalishwa vidude vya kusikilizia, na kila mlio uliopigwa akainua mkono. Masikio mazima. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, maana daktari alisema, kama asikia vizuri na bado hajui jina lake kwa umri ule, basi itabidi apimwe akili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku zile nilimtazama mtoto wangu akila, akicheza, akiimba nyimbo za televisheni, nikawa najiuliza kama kweli yu sawa. Mtoto mzima, mwenye akili zake, nikamtilia shaka.

Jumamosi yake nikampigia mavyaa. Sikutaka ushauri, nilitaka dua. Nikamwambia daktari asema mjukuu wake hajui jina lake.

"Kwani mwamwitaje?" akauliza.

Nikamjibu kwa fahari kidogo, maana nilitarajia kusifiwa. "Mama, jina lako hatulitaji ovyo. Twamwita Bibi, kwa heshima yako."

  Akasema taratibu, "Mwanangu, huku hakuna tena aniitaye Mwanakombo. Marehemu mzee alikuwa akiniita, amekwenda. Dada zangu wamekwenda. Waliobaki kwao mimi ni Mama, ni Bibi, ni Mama Athmani. Nilipoambiwa kuna Mwanakombo Marekani nilifurahi, nikasema walau iko nyumba moja naitwa. Kumbe na huko mmenizika?"

Nikaanza kumwomba radhi.

"Heshima si utumwa," akaniambia. "Mwite sasa. Nataka kusikia."

Mdomo ulikataa, mwanangu. Nilikuwa nimeketi, nikasimama, nikaketi tena. Nimtaje mavyaa naye yu kwenye simu asikiliza, nitaanzia wapi? Nikalitoa kwa kunong'ona. Mtoto alikuwa pale zuliani na hata hakugeuka. "Kwa sauti," mavyaa akasema. Nikaita. Hakugeuka. Nikaita tena na tena mpaka machozi yakanitoka, na ndipo mtoto akainua uso akaniuliza, kwa Kiingereza chake, huyo ni nani.

"Ni wewe," nikamwambia.

Kwenye simu nilimsikia mavyaa akilia. Au alikuwa akicheka, mpaka leo sijui.

Ilichukua wiki nyingi kumzoesha mtoto, na nyingi zaidi kumzoesha Athmani, ambaye kila akilitaja hilo jina alikuwa akiomba radhi kwanza. Daktari naye akaridhika, na habari ya kupimwa akili ikafa.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Sawa, lakini hawakusema liwekwe kabatini kama sahani za wageni. Ukiniuliza jina zuri ni lipi, sijui, na hilo bado lanichanganya. Ninachokijua ni kwamba jina ni la kuitwa. Ukitaka kumpa la mavyaako, mpe, ni jambo la heri, ila kwanza mwombe ruhusa ya kulitamka, na ulitamke mbele yake akusikie. Ukitaka la mamako, vivyo hivyo. Na hilo la kati weka ulitakalo, hata la babake. Nesi akishangaa mwache ashangae. Kabla hujaliandika, simama jikoni kwako uliite kwa hasira, kisha uliite kwa mapenzi, kisha uliite kama mtoto amekimbilia magari pale maegeshoni. Likikukwama, hilo silo, hata kama ukoo mzima umelipenda.

Mungu akujaalie ujifungue salama, mwanangu. Akupe binti, na akupe pumzi ya kumwita, naye ukimwita aitike abee. Na siku utakapozeeka, na wote wakuitao wewe kwa jina lako wamekwenda, usikose walau mmoja wa kulitaja.