Tumbo Jekundu la Salamanda wa Chupa 1907

Saa mbili asubuhi. Mama Chupa anashusha chupa kutoka rafu ya nne, anaifuta kwa kitambaa, kisha anaiinua mbele ya taa kama mtu anayekagua yai. Ndani amelala mnyama wa urefu wa kidole, mkia bapa, rangi ya chai iliyolala.

"Umeamkaje, baba?" anamuuliza.

Hajibiwi. Amezoea. Huu ni mwaka wa ishirini na moja hajibiwi.

Ukimwona mtu anasalimia chupa, usikimbilie kuwapigia simu jamaa zake. Huyu yuko kazini. Ni mtunza ghala la makumbusho ya wanyama: chupa 4,300, dirisha hakuna, na harufu ya spiriti ambayo ikifika saa sita mchana humpa maumivu ya kichwa ya mlevi asiyeonja kitu. Kazi yake ni kuongeza spiriti inapopungua, kubadili vifuniko na kuandika vibandiko.

"Niliishia darasa la saba," anasema, "lakini hawa wote nawajua kwa majina yao ya kisayansi, mawili mawili. Majirani zangu wengine siwajui hata hilo moja."

Huyu wa chupa namba 1907 ni salamanda wa majini: umbo la mjusi, ngozi ya chura, na aibu za mwari. Ndiye pekee wa spishi yake aliyewahi kufikishwa hapa. Na sasa huenda spishi yenyewe ikafutwa.

Mwanasayansi mzee aliyempa jina alimtofautisha kwa umbo la mkia. Baadaye ikaonekana mikia ya salamanda hubadilika kwa msimu. Mtaalamu anayepitia upya uainishaji wao, kijana mpole mwenye miwani mizito, anataka kumhamishia kwa salamanda wa kahawia wa kawaida, waliojaza chupa hamsini na tatu.

"Nimepima vichwa, vidole, hata meno," anasema mtaalamu. "Tofauti siioni, Mama."

"Utaionaje, na umekutana naye akiwa maiti?" Mama Chupa anamdaka. "Mimi nilimwona hai, mwanangu. Tumbo lake lilikuwa jekundu kama kaa la moto!"

Spiriti hula rangi. Mwekundu, wa manjano, wa kahawia, wote baada ya mwaka huwa chai. Ndiyo maana rangi huandikwa kwenye kibandiko mnyama akiwa bado mbichi, na hapo ndipo penye donda.

Salamanda huyo aliletwa na mume wa Mama Chupa, aliyekuwa dereva wa misafara ya makumbusho. Alimchota kwenye chemchemi alipokuwa akitafuta maji ya rejeta, akamleta ndani ya chupa ya chai. Mama Chupa alikuwa na wiki moja tu kazini. Mchana kutwa alimlinda ndani ya beseni.

"Alikuwa akipinduka, tumbo linawaka. Nilimwangalia mpaka nikasahau kula."

Jioni akaamriwa amuue na kumhifadhi. Akaandika mahali, tarehe na rangi, akakitumbukiza kibandiko ndani ya chupa kama inavyotakiwa. Ila aliandika kwa kalamu ya wino. Penseli huvumilia spiriti. Wino wa kawaida hauna ubavu huo. Kesho yake spiriti ilikuwa ya bluu, na kibandiko cheupe pe.

"Niliogopa kufukuzwa. Nikabadilisha spiriti, nikanakili mahali na tarehe kutoka daftari la msafara mbio mbio kabla mkuu hajaingia. Rangi nikasema nitaiandika baadaye." Anakuna kiganja. "Baadaye yenyewe ndiyo hii."

Mtaalamu anasema anamwamini. "Lakini nikiandika 'Mama kaniambia', wenzangu watanicheka mpaka nistaafu." Vinasaba navyo haviwezi kusomeka, kwa kuwa mnyama alianza kulazwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia maiti inayoviharibu. Inahitajika picha safi ya tumbo la aliye hai, kutoka chemchemi ileile. Amempa mpaka mwisho wa mwezi, kisha anatuma makala yake.

Nyumbani, dereva mstaafu anapaka siagi kwenye mkate huku akimchokoza mkewe.

"Miaka yote hii nashindana na mjusi."

"Si mjusi, mzee!"

"Haya, salamanda. Nilikuletea zawadi mwenyewe, ukampa moyo wote, mimi nikabakia msafirishaji tu."

Lakini kidole chake kinachora njia juu ya meza: barabara ya changarawe, daraja la mbao, mwamba uliopasuka, kisha chemchemi. Safari ya siku mbili. "Nikifika nitaijua," anasema kwa sauti ya chini. "Kama bado ina maji."

Mama Chupa ameomba likizo ya siku saba na kuazima kamera ya mtaalamu. Amesoma kwamba salamanda wa aina hiyo akitishwa hupinda mgongo na kuonyesha tumbo.

"Yaani nimtishe mimi, niliyewatunzia ndugu yao miaka yote hii!" Anacheka mpaka anafuta macho, kisha anachelewa kuiondoa mikono usoni.

Na asipomkuta?

"Nitakaa hapo ukingoni mpaka likizo iniishie," anasema. "Nikimkosa, nitamwomba huyu wangu radhi palepale kwao, kwa rangi niliyompotezea. Mbele ya chupa yake sijawahi kuthubutu."