Kidato cha Mzee Shee

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine yake ya kusaga pale Zombe, Yakub Shee huweka kiganja juu ya bati lake na kutulia kidogo, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mashine bado imezimwa. Hakuna cha kusikia. Akina mama waliopanga madebe yao ya mahindi mlangoni wamekwisha kumzoea. Kisha huondoa mkono, hubonyeza swichi, na unga huanza kushuka.

Ule mkono aliurithi kwa baba yake. Mzee Shee alifanya kazi tangu miaka ya sitini katika kinu cha pamba nje kidogo ya mji wa Kitui. Alisimamia presi, mashine inayobana pamba iliyochambuliwa hadi iwe robota. Pamba ilishuka ndani ya sanduku la chuma, naye aliweka kiganja ubavuni mwake, akangoja, kisha akavuta wenzo. Yakub alipohitimu shule ya ufundi aliajiriwa hapo hapo kama fundi wa umeme, wakawa wanakwenda kazini pamoja.

Mwaka 1991 meneja aliamua presi iendeshwe na PLC, kompyuta ndogo ya viwandani inayosoma swichi na kuamua ni mota gani iwake. Yakub alichaguliwa kwenda Nairobi kujifunza. Kabla ya kukubali aliuliza jambo moja tu: mzee atakwenda wapi?

"Mzee atabaki palepale," meneja alisema. "Tena atapumzisha mikono."

Huko Nairobi alifundishwa ngazi. Programu ya PLC huchorwa kama ngazi, na kila kidato kina masharti yake: swichi hii ikiwaka, na ile ikiwaka, basi pampu izunguke. Sharti moja likikosekana, pampu inabaki kimya. Mashine huisoma ngazi kutoka kidato cha juu hadi cha chini, halafu huanza tena, bila kuchoka. Yakub hakuwahi kupenda somo lolote namna ile. Mwalimu aliwaambia warudi wakamwulize anayefanya kazi yenyewe kila kitu, hata yale ambayo mwenyewe haoni kuwa ni kazi.

Kwa hiyo presi iliposimama mchana, wakati wa chakula, alikaa na baba yake.

"Baba, sanduku likijaa unajuaje?"

"Naweka mkono."

"Mkono unasikia nini?"

"Linatetemeka kwanza. Likishiba, linatulia."

"Linatulia muda gani kabla hujavuta?"

Mzee alicheka. "Muda wa kusema bismillahi."

Ndululu, mfungaji wa marobota, alikuwa kando akitafuna muthokoi wake, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe. "Shee, huyu kijana anakukamua kama mbuzi. Utabaki na nini?"

"Nitabaki na mtoto anayejua. Wewe una nini, Ndululu? Mdomo tu."

Kushiba kwa sanduku kukawa swichi ya kupima mkandamizo. Bismillahi ikawa sekunde mbili. Halafu, katika kidato kile kile, Yakub akaongeza sharti ambalo hakuna aliyemwagiza: kitufe cha kijani ubavuni mwa presi. Robota lisibanwe mpaka mzee akibonyeze. PLC haikukihitaji kitufe hicho. Mzee Shee alikipenda. Kila mara alikipangusa vumbi la pamba kwa kofia yake.

Ndipo akaja mhandisi kutoka Nairobi kukagua kazi. Aliisoma ngazi kimya, akafika kwenye kidato kile.

"Hiki kitufe ni cha nini?"

"Cha opareta."

"Swichi ya mkandamizo imeshasema sanduku limejaa. Opareta anasema nini zaidi?"

Yakub aligeuka nyuma. Baba yake alikuwa amesimama karibu, kofia mkononi.

"Umechora vizuri sana," mhandisi alisema. "Sasa niambie wewe mwenyewe, sharti hili lina kazi?"

"Halina."

"Haya, nilifute ama ulifute?"

Yakub alichukua kibao cha kuandikia programu akalifuta. Presi ikabana robota yenyewe. Mzee Shee alibonyeza kitufe cha kijani, akangoja, akakibonyeza tena. Mashine iliendelea vilevile.

Mwisho wa mwezi meneja alimwambia mzee akapumzike nyumbani. Mzee hakumlaumu mwanawe. Jioni moja tu alisema, "Nionyeshe pale nilipokuwa." Yakub alikunjua mchoro wa zamani, akamwonyesha kidato. Mzee aliweka kiganja juu ya karatasi akakaa hivyo, akingoja. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Yakub aliacha kazi kinuni, akahamia Zombe.

Siku aliponisimulia haya, nilikaa kwenye magunia yake tangu asubuhi nikimsikiliza. Alipokuwa akifunga mlango ndipo nilipomwuliza kwa nini hakumwachia mhandisi alifute sharti lile mwenyewe.

Alikung'uta unga mikononi.

"Nilitaka mhandisi aone kwamba nimeelewa," alisema.