Saa Yangu na Saa ya Mama Mkwe

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya themanini, hapa Malindi, nikiwa bado mgeni kwa wakwe. Kwao bibi arusi ndiye aliyeamka wa kwanza, nao waliuza mahamri barazani. Mama mkwe alikanda unga baada ya Isha, mimi nikakaanga kabla jua halijatoka. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa. Basi asubuhi hiyo niliduwaa mbele ya karai mpaka mahamri yakawa makaa.

"Bibi arusi amelala kasimama, kama punda!" wifi yangu Zuhura akacheka.

Mama mkwe hakucheka. Wateja walikuwa wanatuhama. "Ijumaa nitawaita wazee wako kutoka kwenu Tezo," alisema. "Waje wakuchukue."

Haukuwa uvivu. Tangu utoto kichwa changu huchangamka jua likizama. Alfajiri mwili huamka, akili ikabaki kitandani. Lakini ningemwambia nani?

Jioni ile nilimkuta Mama mkwe amesinzia, mikono yote miwili imo kwenye unga. Yeye aliyekuwa mwepesi kuliko sote asubuhi! Nikaitoa mikono yake taratibu.

"Kalale, Mama. Nitamaliza."

"Na asubuhi utaamka?"

"Nikisema ndiyo, nitakudanganya."

Akanitazama, akaenda. Nilikanda mpaka unga ukawa laini kama shavu la mtoto.

Kesho yake niliamshwa na sauti ya Zuhura uani. "Mama, jua limetoka na bibi arusi bado amelala!"

"Mwache. Hamri hilo ulilotia mdomoni limekandwa na nani?"

Ijumaa ikapita, wazee hawakuitwa. Tukaishi hivyo miaka mingi, mimi nikikanda jioni, yeye akikaanga alfajiri. Ila sauti yake niliisikia zaidi kupitia ukuta, nikiwa nusu usingizini. Sikupata kumshukuru, saa yangu ya kuzungumza ilikuwa saa yake ya kulala. Kisha akafariki. Siku hizi ninakanda unga kidogo jioni, kwa mazoea tu. Asubuhi ninaukuta umeumuka hadi kumwagika, hakuna wa kuukaanga.

Ijue saa yako, mwanangu, na uwaambie unaoishi nao kabla hawajakupa jina la uvivu. Na yule ambaye saa yake si yako, jinyime usingizi kidogo, ukae naye angali macho.

Mungu akujaalie nyumba ambayo ukiamka, unasikia mtu jikoni.