Mkono Mbele ya Meza

Wifi yangu ni fundi cherehani wa kuogopesha. Anakutazama mara moja tu, gauni linakukaa utadhani ulizaliwa nalo. Kasoro yake ni moja, hajui kugombana. Mimi najua sana, ila nani ananiuliza?

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba tunayoishi na mama mkwe, na mlango wake ulitokea kichochoroni. Kichochoro hicho kimo ndani ya kiwanja cha marehemu baba mkwe, mtaa mzima unajua. Jirani yetu, muuza saruji na misumari, tena shemasi wa kanisa letu, akaanza kurundika matofali pale. Wifi akamuuliza kwa upole. Akajibiwa kwa upole vilevile kwamba stoo imejaa.

Kanisani kwetu mshirika hampeleki mwenzake mahakamani. Paulo alishawaonya Wakorintho, na mchungaji haachi kutukumbusha. Ukiwa na neno na ndugu yako, unalipeleka kwa baraza la wazee. Wifi akalipeleka, akaambiwa asubiri.

Kabla baraza halijakaa, ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana. Siku hiyo, kabla ya mkate na kikombe, wenye kinyongo hushikana mikono mbele ya watu, na neno lililoshikiwa mkono halizungumzwi tena. Kwaya inaimba, shemasi huyo na suti yake, moja kwa moja hadi kwenye benchi letu, akanyoosha mkono. Kanisa zima shingo zikageuka. Nikamkanyaga wifi mguu, asithubutu. Akaupokea. Watu wakapiga makofi, wengine wakatoa machozi. Mimi nilichemka mpaka ibada ikaisha.

Wiki iliyofuata ukuta wa shemasi ukaanza kupanda pale kichochoroni. Wifi akarudi barazani. Mchungaji akamjibu kwa huruma, na huruma yake ndiyo inayoniudhi mpaka leo.

"Dada, mlishapatana mbele za Mungu. Tukilifukua leo, ile Meza tutaiita nini? Kubali kudhulumiwa. Bwana anaona."

Nikamwambia wifi basi twende mahakamani. Kumbe alishaulizia kimyakimya, na wakili alimwambia kesi yenyewe nyepesi. Lakini akimshtaki shemasi anatengwa, na akitengwa kina mama wa kanisa hawakanyagi kwetu tena. Nao ndio wanaokuja kila asubuhi kumgeuza mama mkwe na kumwogesha, maana kiharusi kilimlaza, mimi nashinda kiwandani, na wifi peke yake hamwezi.

"Niambie nimwache nani," akasema.



Sasa mlango wa chumba cha kazi ukiusukuma unagonga tofali. Wateja inabidi wapite sebuleni, pembeni ya kitanda cha mama. Bibi harusi gani atakubali kupimwa hapo, mgonjwa anakohoa? Wamehamia kwa mafundi wengine mmoja mmoja. Mama hajaambiwa kitu. Daktari alikataza habari za kumshtua, na huyo shemasi, mama ndiye aliyemfundisha shule ya Jumapili akiwa mtoto, mpaka leo anamwita mwanangu. Akisikia nyundo, tunamwambia jirani anakarabati.

Jumapili iliyopita shemasi akaja kumletea mama Meza nyumbani, ilikuwa zamu yake kwa wagonjwa. Nilitaka kumfungia mlango, wifi akanivuta pembeni. Akamkaribisha. Akapanda kitandani, akamwinua mama, akamwegemeza kifuani mwake na kumshikia kichwa ili kikombe kimfikie mdomoni. Mama akameza, kisha akaweka kiganja juu ya kichwa cha yule bwana.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema, maneno yakimtoka kwa shida. "Akuongezee. Akupanulie mipaka yako."

Shemasi akatazama sakafu. Mama akangoja, macho kwa binti yake, maana kwake baraka haijatimia mpaka wa nyumbani aitikie.

Wifi akaitikia, "Amina."